Jinsi Wapangaji wa Kurasini Walivyopata Ardhi

Habari ninayotaka kuwaeleza leo ni habari ya nyumba. Wala si nyumba za matajiri, bali nyumba ya mtu mwenye kipato kidogo akaaye pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, katika sehemu za Temeke na Kinondoni. Nanyi mlio vijijini msidhani kuwa neno hili haliwahusu, maana ni vijiji vichache visivyo na kijana aliyekwenda Dar es Salaam, na jambo la kwanza alitafutalo huko, hata kabla ya kazi, ni mahali pa kulaza ubavu.

Kijijini mtu huonyeshwa mahali na wazee wake, hukata miti na fito, jirani humsaidia kukandika, na baada ya muda amekwisha kuwa na nyumba. Mjini sivyo. Mjini hupanga chumba, na desturi ya wenye nyumba wengi ni kutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mara moja. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana nilipanga chumba kimoja huko Temeke, na kila ilipotimia miezi sita nilikopa huku na huku. Deni la kodi ya kwanza lilikuwa halijaisha, nayo kodi ya pili imekwisha fika. Nami nilikuwa na mshahara. Je, mtu apataye fedha yake siku kwa siku, kwa kuuza samaki au kubeba mizigo, atafanyaje?

Serikali imejaribu njia kadha wa kadha. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likajenga nyumba za kupangisha. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilianza mwaka 1973 kwa kusudi la kukopesha wajenzi, ikafungwa mwaka 1995. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza na Kijitonyama kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wengi walifaidika; lakini benki hutaka dhamana, na mwuza vitumbua hana hati ya ardhi wala barua ya mshahara.

Basi natuje Kurasini, jirani na bandari. Baada ya mwaka 2006 serikali ilitwaa ardhi huko ili kupanua shughuli za bandari, na maelfu ya watu wakapaswa kuhama. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji hawakulipwa kitu, kwa kuwa sheria ya fidia humtazama mwenye mali, na mpangaji hana mali pale ila kitanda na sufuria zake. Hata hivyo walikuwamo wapangaji waliokaa Kurasini miaka mingi, wakazaa watoto huko na kuwasomesha huko.

Baadhi yao walikuwa wamekwisha ingia katika vikundi vya kuweka akiba, vilivyounganishwa katika shirikisho la maskini wa mijini lililoanza mwaka 2004 na kusaidiwa na shirika liitwalo Centre for Community Initiatives, ambalo kwa kifupi ni CCI. Mtindo huu wa akiba ulitoka mbali. Huko Mumbai, mji ambao wazee wetu huuita Bombei, wanawake waliokuwa wakiishi katika vibanda kando ya barabara walianza mwaka 1986 kukusanya senti zao pamoja. Mtindo ukaenea hata Afrika Kusini, na kutoka huko ukatufikia sisi.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Mwanachama hutoa alichonacho, hata kama ni kidogo, nacho huandikwa katika kitabu chake na katika kitabu cha kikundi. Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu ya mfano. Mtu akiweka shilingi 500 kila siku, kwa mwaka atakuwa na shilingi 182,500. Fedha hiyo peke yake haitoshi kununua kiwanja Dar es Salaam. Lakini watu 300 wakifanya vivyo hivyo, watakuwa na shilingi 54,750,000, na mwenye shamba la kuuza atawakaribisha kitini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa hawa. Waliunda chama cha ushirika wa nyumba, wakakiita Muungano, na kabla ya mwaka 2010 wakanunua ekari 30 huko Chamazi, upande wa Mbagala, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji. Hapo wakakuta kikwazo ambacho wengi hawakukitazamia. Kanuni za mipango miji za wakati ule zilitaka kiwanja kisipungue mita za mraba 400, na kwa kipimo hicho ardhi isingewatosha wote, ukitoa barabara na mahali pa wazi. Ikawapasa kwenda kujadiliana na wakuu wa ardhi hata wakakubaliwa kugawa viwanja vidogo zaidi. Kwa maoni yangu majadiliano hayo yalikuwa na thamani sawa na fedha zenyewe, maana mtu mmoja mmoja angalirudishwa mlangoni.

Nyumba zilijengwa kidogo kidogo, kwa mikopo ya kurudishwa polepole. Wanachama walifyatua wenyewe matofali ya kufungamana, ambayo hupangwa bila saruji nyingi kati yake. Walichimba kisima, na maji yakavutwa kwa nguvu ya jua. Kadhalika maji machafu yalipelekwa katika bwawa lililopandwa majani ya kuyasafisha.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Nyumba zilizojengwa katika miaka ile ya kwanza hazikufikia hesabu ya wanachama, na marejesho ya mikopo yalichelewa. Sababu yake kubwa ni njia. Mama aliyekuwa akiwapikia wachukuzi wa bandarini, na kutembea kwa miguu mpaka kazini, akihamia Chamazi hulazimika kulipa nauli ya kwenda na kurudi, tena asubuhi na mapema kabla wateja hawajaona njaa. Na fedha ya nauli hutoka katika mfuko ule ule uliokuwa wa kulipia mkopo. Kwa hiyo yeyote miongoni mwenu atakayetaka kuingia katika chama cha namna hii na aulize mambo matatu kabla ya kutoa senti yake ya kwanza: kitabu cha hesabu husomwa lini mbele ya wanachama wote, ardhi imeandikwa kwa jina la nani, na nauli ya kutoka kwenye kiwanja hicho mpaka mahali anapopatia riziki yake ni kiasi gani kwa mwezi.