Sahihisho Linahitaji Mpokeaji

Desemba 2005 jarida la sayansi la Nature lilichukua makala za kisayansi kutoka Wikipedia ya Kiingereza na kutoka Encyclopædia Britannica, likazituma kwa wataalamu bila kuwaambia ipi imetoka wapi, likawaomba waoneshe makosa. Jozi 42 zilirudi na majibu yaliyofaa kutumika. Upande wa Wikipedia zilihesabiwa kasoro 162, yakiwamo makosa, mapungufu na maelezo ya kupotosha. Upande wa Britannica zilikuwa 123. Makosa mazito yalikuwa manane, manne kila upande. Magazeti yakashika habari ya nani kamshinda nani. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi lilikuja siku chache baadaye, Nature ilipoitoa hadharani orodha yenyewe ya makosa.

Wahariri wa Wikipedia, watu wasiolipwa na wengi wao wasiojuana, waliifungulia orodha ile ukurasa wake. Kila makala iliwekwa peke yake na chini yake yakaorodheshwa yote aliyoyasema mtaalamu. Mwenye nafasi alichukua kosa moja, akatafuta kitabu, akarekebisha, akaandika pembeni kwamba hilo limekwisha. Makala ya Dmitri Mendeleev, mkemia Mrusi wa jedwali la elementi, ilikuwa na kasoro 19 dhidi ya 8 za Britannica, na ndiyo iliyowatoa jasho. Hata swali la Mendeleev alikuwa mtoto wa ngapi nyumbani kwao halikuwa jepesi, kwa kuwa vyanzo vinatofautiana kuhusu idadi ya ndugu zake. Kufikia mwisho wa Januari 2006 orodha nzima ilikuwa imeshughulikiwa.

Britannica ilichukua njia nyingine. Machi 2006 ilitoa waraka mrefu wa kuupinga utafiti na kuitaka Nature iufute, na Nature ikakataa. Tuwe wakweli: Britannica ilikuwa na hoja, kwa sababu baadhi ya wataalamu walipewa vipande vya makala badala ya makala kamili. Lakini katika kusoma mengi juu ya kamusi elezo za mtandaoni sijaona mfano mzuri kuliko ule wa wahariri wa kujitolea wa Wikipedia. Wataalamu walisema, na palikuwa na watu waliosimama kuyapokea maneno yao, wakayagawa kama kazi na kuyafuatilia hadi mwisho.

Nausisitiza mfano huo kwa sababu mpango wa awali haukuwa hivyo hata kidogo. Machi 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, kamusi elezo ambamo mtaalamu alikaa mlangoni. Kila makala ilipaswa kupita hatua saba za ukaguzi kabla ya kutolewa. Kwenye karatasi mpango ule ulikuwa safi. Mwaka 2003 Nupedia ilipofungwa, makala zilizokuwa zimeidhinishwa hazikufika 30. Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 kama mradi wa pembeni, mahali pa kuandalia rasimu ambazo baadaye zingepelekwa Nupedia zikakaguliwe. Mradi wa pembeni ukaumeza mradi mkuu. Sanger aliondoka, na mwaka 2006 akaanzisha Citizendium, ambako watu walitakiwa kuandika kwa majina yao halisi na wataalamu wakapewa kauli ya mwisho. Nao haukukua. Mara mbili mtu yuleyule, mwenye nia njema na elimu ya kutosha, alijenga nyumba ya wataalamu, na mara mbili wataalamu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Wana kazi zao, na saa ya profesa ni ghali.

Kwa hiyo kanuni iliyobaki Wikipedia ikawa hii: cheo cha mtu hakihesabiki, kinachohesabika ni chanzo kilichochapishwa ambacho mwingine anaweza kwenda kukisoma. Wengi huiona kanuni hiyo kama dharau kwa elimu. Sioni hivyo. Ilizaliwa na taabu halisi. Miaka ya mwanzo walikuja watu wenye nadharia zao za fizikia ambazo hazikuwahi kuchapishwa popote, wakitaka ziwekwe sambamba na za Einstein. Halafu mwaka 2007 ikafichuka kwamba mhariri mmoja aliyeaminiwa sana, aliyejitambulisha kuwa profesa wa masuala ya dini na akafika hadi kwenye ngazi za juu za uamuzi, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizodai. Mahali ambapo hakuna anayeona uso wala cheti cha mwenzake, ukiruhusu cheo kishinde hoja umewafungulia mlango waongo.

Hata hivyo kanuni inayomzuia mwongo humzuia pia anayejua kweli, na kisa cha Timothy Messer-Kruse ni cha kutafakari kwa kina. Huyu ni mwanahistoria wa Marekani aliyeitafiti kwa miaka mingi kesi ya Haymarket. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaguswa na kesi hiyo kila mwaka, pengine bila kujua. Mei 1, 1886 wafanyakazi wa Marekani walianza mgomo wa kudai siku ya kazi ya saa nane. Usiku wa Mei 4 bomu lilirushwa kwenye mkutano wao katika viwanja vya Haymarket, Chicago. Wanaume wanane walitiwa hatiani na wanne wakanyongwa Novemba 1887. Mei Mosi yetu, pamoja na maandamano yake na hotuba zake, ina mizizi huko.

Makala ya Wikipedia ilisema kwamba upande wa mashtaka haukutoa ushahidi wowote wa kuwaunganisha washtakiwa na bomu. Messer-Kruse alikuwa ameipitia kumbukumbu ya mahakama na kukuta mashahidi 118, wengi wakihojiwa kuhusu mambo hayohayo. Unaweza kusema ushahidi ule ulikuwa dhaifu au ulipikwa, lakini huwezi kusema haukuwapo. Akaufuta ule mstari. Baada ya dakika chache ulirudishwa. Akarejea na kumbukumbu za mahakama, akaambiwa hizo ni nyaraka za asili. Kamusi elezo inataka maandishi ya wanahistoria waliozichambua. Akaambiwa angoje kitabu chake kichapishwe. Kitabu kikatoka mwaka 2011, naye akarudi nacho, akaambiwa sasa kwamba kitabu kimoja hakiwezi kuzidi uzito wa vingi vinavyosema kinyume. Mhariri mmoja alimweleza kwa mfano wa anga: kama wanahistoria wote isipokuwa mmoja wanasema anga ilikuwa ya kijani mwaka 1888, kamusi elezo itaandika kwamba wengi wanasema ya kijani na mmoja anasema ya bluu.

Februari 2012 Messer-Kruse aliyaeleza hayo katika gazeti la wanataaluma la Marekani, The Chronicle of Higher Education. Kelele zikapigwa, na makala ikarekebishwa. Chanzo kilikuwa kilekile na kitabu kilekile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na watu wengi waliokaa chini wakamsikiliza. Septemba mwaka huohuo mwandishi wa riwaya Philip Roth alilazimika kuchapisha barua ndefu katika jarida la The New Yorker ili tu apate chanzo cha kutajwa kuhusu nani aliyemvutia kuandika kitabu chake mwenyewe, The Human Stain. Neno lake la moja kwa moja halikutosha. Roth alikuwa na The New Yorker mkononi. Mwalimu wa sekondari ya kata anayeona kosa kuhusu kabila lake ana nini?

Swali hilo linatuleta kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Watu wengi hudhani kosa likisahihishwa kwa Kiingereza basi limesahihishwa kote. Sivyo. Kila lugha ina wahariri wake, kanuni zake na wakabidhi wake, yaani wasimamizi, na makala haziambatani. Chukua homa ya dengue. Makala ya Kiingereza ya ugonjwa huo ilisimamiwa na madaktari wa kujitolea, akiwamo James Heilman, daktari wa dharura kutoka Kanada, na mwaka 2014 ikapita ukaguzi wa wanataaluma na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la Open Medicine. Mwaka huohuo dengue ilikuwa inawalaza watu Dar es Salaam. Kazi ya kutafsiri makala za tiba ilikuwa imeshaanza, kwa msaada wa shirika la Translators Without Borders, lililofungua kituo cha wafasiri wa afya Nairobi mwaka 2012, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizolengwa.

Mpango mzuri, na ninauheshimu. Lakini tafsiri huganda siku inapowekwa. Daktari akirekebisha kipimo au ushauri katika makala ya Kiingereza leo, hakuna kengele inayolia kwenye ya Kiswahili. Mtu lazima aende mwenyewe, alinganishe, abadilishe. Miradi mingi ya namna hii hupanga bajeti ya kuandika na kusahau bajeti ya kutunza. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, kwa zawadi. Makala mpya zilikuja kwa mamia. Zawadi zilipogawiwa washindani wengi hawakurudi, na wahariri wachache wa siku zote wakabaki na kazi ya kusafisha.

Lugha ya Kiskoti ilionja hatari ya kukosa mpokeaji kwa namna chungu zaidi. Agosti 2020 iligundulika kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya lugha hiyo ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua, ambaye alianza akiwa mtoto kwa nia ya kusaidia. Kwa miaka mingi wajuzi wa Kiskoti hawakuangalia, na waliokuwa ndani hawakuwa na uwezo wa kuona.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo Messer-Kruse hakuwa nalo. Mengi tunayoyajua hayajachapishwa. Fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, au wa Nungwi, Unguja, anajua mti upi unakubali kupindwa na upi hupasuka, lakini chini ya kanuni ya chanzo kilichochapishwa huyo si chanzo. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza mradi, kwa ufadhili wa Wikimedia, wa kurekodi sauti za watu wanaojua na kuzitumia kama marejeo, katika Kimalayalam, Kihindi na Kisotho cha Kaskazini. Michezo ya watoto wa Kerala ambayo kila mtu aliicheza na hakuna aliyeiandika ilipata hatimaye sauti za kuithibitisha. Wikipedia ya Kiingereza haikukubali kuifanya njia hiyo kuwa kanuni.

Kiswahili hakilazimiki kufuata uamuzi wa Kiingereza, kwa kuwa jumuiya ya kila lugha hujiamulia. Naona njia inayotekelezeka, na haihitaji wafadhili wakubwa. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wana wanafunzi wa shahada wanaoandika tasnifu za nyanjani kila mwaka. Mahojiano yao na mafundi, wavuvi na waganga yakihifadhiwa maktaba kwa jina, tarehe na ridhaa ya msemaji, tayari ni chanzo ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukikagua. Upande wa pili wahariri wawili au watatu wakubali, kwa majina, kuipokea kila muhula orodha ya makosa ambayo wahadhiri wameyaona, na waijibu kosa kwa kosa kama wale wa 2006, hata pale jibu litakapokuwa kwamba hawakubaliani na mhadhiri, na kwa nini.