Nywele, Dawa za Saratani na Moyo wa Mgonjwa

Dawa nyingi za saratani hushambulia chembe hai zigawanyikazo upesi. Hazibagui kati ya chembe za uvimbe na zile za mzizi wa unywele, ambazo nazo hugawanyika bila kupumzika. Basi, yapata wiki 2 hadi 4 baada ya matibabu kuanza, nywele hupukutika. Kwa mwili jambo hili ni dogo, kwani dawa zikiisha kwa kawaida nywele huota tena. Kwa moyo si dogo. Mgonjwa aliyekuwa akificha maradhi yake sasa hutambulikana kwa mbali. Pengine hata nyusi hutoweka, na kioo humwonyesha mtu asiyemjua. Wako wanaosita kuanza matibabu kwa sababu hiyo, na si haki kuwaita wapuuzi. Mwanafunzi arudiye darasani na kitambaa kichwani aachwe akivae, na wenzake waelezwe kwamba saratani haiambukizwi kwa kuketi dawati moja.