Mlima Meru na Mashindano ya Dola za Ulaya, 1884–1914

Ngome ya mawe iliyojengwa Arusha mwaka 1900, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Boma, ni alama ya mamlaka ya Kijerumani katika nchi iliyo chini ya Mlima Meru. Lakini mwenye kutafuta asili ya mamlaka hayo hataipata Arusha. Miaka 14 kabla ya Boma kusimama, nchi ya Waarusha na Wameru ilikuwa imekwisha kugawiwa kwa hati iliyoandikwa Ulaya, na wakati huo hapakuwa na afisa wa Kijerumani aliyetawala hata kijiji kimoja huko.

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Kilimanjaro, akapata mkataba na wazee wa Taveta. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash wa Unguja, aliyekwisha kuona jinsi Carl Peters alivyokusanya mikataba Usagara na nchi jirani, alimtuma jemadari wake, Lloyd Mathews, aende Kilimanjaro kuthibitisha enzi yake. Rindi, Mangi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, akaipokea bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye, Juni 1885, akafika Karl Jühlke, wakili wa Peters, naye akaondoka na mkataba wake.

Waandishi wengi wa Kizungu walimhesabu Rindi kuwa mtu wa ndimi mbili. Hukumu hiyo si ya haki. Kwa mtawala wa bara, kupokea bendera kulikuwa kupokea rafiki, zawadi na njia ya biashara, wala hakukuwa kuuza nchi. Na mtu aweza kuwa na marafiki wengi. Neno himaya lenyewe lilikuwa na maana ya ulinzi apewao mtu na mwenye nguvu. Katika ofisi za Berlin na London ulinzi huo ulisomwa kuwa umilikaji wenye kuwazuia wengine wote. Basi hati moja ilikuwa na maana mbili, na maana iliyoshinda ni ile ya mwenye manowari: Agosti 1885 merikebu za vita za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, na Barghash akalazimika kunyamaza.

Mwingereza, aliyekuwa mshauri wa Sultani tangu zamani, mbona hakumtetea? Jawabu liko mbali na Afrika Mashariki. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, na katika mambo ya deni la Misri ilihitaji kura ya Ujerumani ili kukabiliana na Ufaransa. Tena mwaka 1885 ilikaribia kupigana na Urusi kwa ajili ya mpaka wa Afuganistani. Bismarck aliyajua hayo vema, naye akadai malipo yake. Kwa mapatano ya 1886 Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Bara ikakatwa kwa mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukipita baina ya Taveta na Uchaga na kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini. Meru, ulio kusini ya mstari huo, ukaangukia kwa Wajerumani bila Mmeru wala Mwarusha kuulizwa.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm Kilimanjaro kuwa zawadi. Ni hekaya tupu: Wilhelm II hakutawazwa mpaka 1888.

Mwaka 1890 Ujerumani iliukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja, ikapewa kisiwa cha Heligoland, na pwani ikainunua kwa Sultani kwa Maki milioni 4. Caprivi, aliyeshika mahali pa Bismarck, alitumaini kuivuta Uingereza upande wake. Mwaka huo huo akauacha mkataba wa siri na Urusi uishe. Urusi ikafungamana na Ufaransa mwaka 1894. Uingereza haikuvutwa: ilipatana na Ufaransa mwaka 1904, na Urusi mwaka 1907.

Huko Meru hati ilitimizwa kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Johannes akaja kuadhibu akiwa na askari na mashujaa wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa. Machi 1900 Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kiarusha na Kimeru. Ndipo Boma likajengwa. Baadaye Makaburu waliotoka kusini baada ya vita vyao na Waingereza walipewa ardhi pande za Meru.

Vita vilipotokea 1914, Gavana Schnee alitumaini vifungu vya Mkataba wa Berlin wa 1885 vilivyoruhusu makoloni ya eneo hili yasishiriki vita. Havikufaa kitu. Novemba 1914 walipigana Longido, kaskazini ya Meru, na Machi 1916 Arusha ilitwaliwa na majeshi ya Jenerali Smuts, naye Kaburu. Enzi ya Kijerumani ikatoweka, lakini mstari wa 1886 haukutoweka: ndio mpaka wa Kenya na Tanzania, na Wamasai wangali wakiishi pande zake zote mbili.