Saa za Mnazi

Mtu ashukaye Mombasa kutoka bara, akaufuata mwambao kuelekea kaskazini kupitia Kilifi na Malindi, hata akavuka maji ya Mokowe na kuingia Lamu, aghalabu huwa na maswali matatu yanayotangulia mengine yote: atakula nini, atakunywa nini, na atalala wapi. Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa msafiri mwenye njaa na usingizi hajifunzi neno juu ya nchi aliyoizuru. Lakini yakijibiwa moja moja, kama bei za bidhaa dukani, majibu yake hayamfikishi mbali. Mimi, niliyefanya kazi ya bwana shamba kwa miaka mingi miongoni mwa minazi ya pwani hii, nimezoea kuyajibu yote matatu kwa kuonyesha mti mmoja. Tui liungalo wali wake, tembo linywewalo kivulini, na makuti yaliyo juu ya kichwa chake alalapo, vyote vimetoka katika shina lile lile; na kila kimoja kina saa yake, ambayo asipoichunga atarudi kwao akiwa amelipa gharama zote za safari bila ya kuionja pwani.

Mnazi wetu mrefu huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka 6 au 7, na ukisalimika na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atobaye moyo wa mti, huendelea kuzaa hata miaka 60 na kupita, ikawa aliyeupanda amekwisha kusahauliwa na wanaoukwea ni wajukuu. Yapata kila mwezi mti hutoa karara jipya, nalo ni ala ngumu iliyofumbata panda la maua ndani yake. Ua likishika huwa kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Na toka ua hata nazi hupita karibu miezi 12. Majina haya hayakuwekwa kwa ajili ya mapambo ya lugha. Dafu, ambalo huwa tayari baada ya miezi 7 hivi, lina maji matamu na nyama laini ikwanguliwayo kwa kipande cha kumbi lake lenyewe. Koroma limekwisha kupoteza utamu wa maji na bado halijapata mafuta. Nazi peke yake ndiyo itoayo tui. Mgeni anywaye dafu, basi, huwa amekunywa nazi ambayo haitafika jikoni, na mkulima mwenye hadhari humpa dafu la kitamli, mnazi mfupi ambao sifa yake ni maji, akaiacha minazi mirefu imalize mwaka wake.

Na hata mti huu wenyewe ulikuja kwetu kama mgeni. Uchunguzi wa nasaba ya minazi uliotolewa mwaka 2011 na Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen uliigawa minazi ya dunia katika koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na moja ya Pasifiki, ukakuta ya kwamba jirani zetu wa Madagascar na Komoro wana minazi iliyochanganya damu za koo zote mbili. Mabaharia ndio walioichanganya, kwa kuwa nazi ilikuwa akiba yao ya chakula na maji safarini.

Tuingie jikoni, ambako ndiko nipendako kukaa zaidi. Bibi mmoja wa Lamu aliyenikaribisha kwake zamani, aliponiona nimekaa barazani nikingoja kuletewa sinia, aliniita nije nikae karibu na meko nitazame, akisema kuwa mtu wa minazi asiyejua mwisho wa nazi amesoma nusu ya chuo. Nazi ilivunjwa, ikakunwa kwa mbuzi taratibu bila ya kuufikia weusi wa kifuu, kwa kuwa weusi huo huharibu rangi ya wali. Machicha yakatiwa maji kidogo ya uvuguvugu, yakakamuliwa ndani ya kifumbu, likatoka tui la kasimile, zito kama mtindi, nalo likawekwa kando. Machicha yale yale yakatiwa maji tena, likatoka tui la pili, jepesi. Tui jepesi ndilo lililotangulia chunguni kupikia mchele. Kasimile likaja mwisho, wali ulipokaribia kukauka. Kisha makaa yakapaliwa juu ya kifuniko ili moto ushuke kutoka juu kama ulivyopanda kutoka chini. Mpishi asiye na subira huyamimina yote mawili kwa pamoja, akapata wali wenye mafuta juu na ubichi katikati.

Sababu ya utaratibu huo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Tui ni mafuta yaliyogawanyika vitone vidogo mno ndani ya maji, na kinachovizuia vitone hivyo visiungane ni protini ya nazi iliyovizunguka. Likichemshwa kwa nguvu, protini hugandamana, mafuta yakaachana na maji, nasi husema tui limekatika. Ndiyo maana mchuzi wa nazi hukorogwa bila ya kuachwa, na ndiyo maana samaki wa kupaka, ambaye kwangu mimi ndiye taji la mapishi ya mwambao huu, hachemshwi katika tui hata kidogo: changu au tewa hukatwa mbavuni, hukolezwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, huokwa juu ya makaa hata ngozi ikaanza kukauka, na hapo tu ndipo hupakwa kasimile lililotiwa ukwaju na kupikwa kwa moto mdogo likawa zito. Hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, na moshi wa matone yaangukayo makaani huwa sehemu ya kiungo.

Fauka ya hayo, tui halilali. Lililokamuliwa alfajiri, katika joto letu, jioni huwa limekwisha kuchacha. Mgeni atakaye kula vyema na aagize asubuhi, aseme atakula saa ngapi, kisha aje saa hiyo. Nyumba ya chakula yenye sufuria moja ya mchuzi ipashwayo moto toka adhuhuri hata usiku haiwezi kumpa ladha niliyoieleza, hata mpishi wake akiwa hodari namna gani. Musimu nao una hukumu yake. Katika kaskazi, baina ya Desemba na Machi, bahari hutulia, ngalawa na mashua hufika mbali, na samaki ni tele, na maembe yameiva; katika kusi, hasa miezi ya masika ambapo mvua na mawimbi hukutana, mvuvi hukaa ndani ya mwamba, na hapo mwenye busara huagiza mbaazi za nazi, muhogo wa nazi au mchicha, asilaumu mtu.

Sasa nije katika kinywaji, na hapa naomba nisikilizwe kwa utulivu, maana ni jambo ambalo watu wa pwani wenyewe wamegawanyika juu yake. Katika miji ya kale na katika kila nyumba ya Kiislamu tembo ni haramu, na mgeni apangaye nyumba Lamu akaliingiza humo kwa siri amevunja ada ya waliomkaribisha. Lakini katika vilima vilivyo nyuma ya mwambao, Rabai, Kaloleni na kandokando yake, miongoni mwa Wamijikenda, tembo, ambalo wao huliita uchi, lina taadhima yake. Kibuyu cha tembo kiitwacho kadzama hutolewa kwa wazee katika mambo ya mahari na katika faini, na mashauri ya ukoo hayafunguliwi kwa koo kavu. Mtu alionaye tembo kuwa ni ulevi wa wavivu tu amekiona kibuyu lakini hakuyasikia maneno yasemwayo mbele yake.

Kazi ya mgema ni ya ufundi mwembamba. Hulitafuta karara ambalo halijapasuka, hulifunga kamba lisifunguke, hulipinda kidogo kidogo siku kwa siku, kisha hulikata ncha kwa kotama yenye makali ya kunyolea, akaning'iniza kitoma chini yake. Toka hapo hupanda asubuhi na jioni, na kila apandapo hukata kipande chembamba kama ukucha, ili jeraha lisizibe. Kwani likiziba, maji hukoma. Maji yatonayo huwa na sukari karibu sehemu 15 katika 100, na hamira ya asili iliyomo hewani na katika kitoma huanza kazi yake papo hapo. Kwa hiyo literemshwalo asubuhi ni tembo tamu, ambalo hata mtoto hulionja. Adhuhuri limekuwa na povu na ukali. Jioni ni tembo kali la watu wazima. Na kesho yake, bakteria wakiingia zamu, ni siki, ambayo nayo haitupwi. Mvinyo wa zabibu huhifadhiwa miaka katika chupa, lakini tembo halikubali chupa wala safari, na nimeona lililopelekwa mbali likifika na jina lake tu. Ulifuate liliko, ukae kivulini pa mangwe, ndipo mahali pa kunywea, uletewe mboko, yaani kibuyu cha kunywea, na mrija wenye kichujio, unywe polepole na uondoke kabla ya magharibi. Kilichotonezwa kwa moto usikiguse, kwa kuwa hujui kilitiwa nini.

Na sasa fungamano ambalo wageni wengi hawalijui: panda lililogemwa halizai. Mti hauwezi kumpa mwenyewe tembo na nazi kwa karara lile lile, na kila mwenye shamba hana budi kuamua, mti kwa mti, upi wa mgema na upi wa mpishi. Uamuzi huo umebeba dini, bei ya nazi kavu, mahari ya kijana wa nyumbani na deni la mwaka wa njaa. David Parkin, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, katika kitabu chake Palms, Wine and Witnesses cha mwaka 1972, alieleza jinsi minazi ya Wagiriama ilivyonunuliwa na kuwekwa rehani, na jinsi ushahidi wa wazee ulivyosimama mahali pa hati. Basi yule anywaye mboko wa tembo Kaloleni, na yule alaye wali wa nazi Lamu siku hiyo hiyo, wamegawana miti ya mtu mmoja bila ya kujuana.

Yabaki malazi. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu alipewa malazi katika nyumba ya wanafunzi akaletewa wali wa samli na vitoweo vyake, na Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaandika ya kwamba chakula chao kilikuwa zaidi ndizi na samaki. Usiku mmoja ulikuwa haba hata kwa desturi za wakati huo. Wafanyabiashara waliokuja kwa kaskazi hawakuweza kurudi hata kusi ivume, nao walikaa miezi, na nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kulijua jambo hilo: kupita daka lenye mabaraza palikuwa na sabule, chumba cha mgeni, alale, ahifadhi bidhaa zake na apokee watu bila ya kuingia katika sehemu ya wanawake. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, visivyofika mita 3 upana, kwa kuwa dari hushikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake nyingi leo hupangishwa wageni.

Mimi humshauri msafiri aombe chumba cha juu kabisa, chini ya paa la makuti. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti, yakashonwa moja juu ya jingine, na vipande hivyo hufungwa juu ya fito kwa safu zinazokaribiana. Paa lake sharti liwe na mwinamo mkali, maji yasitulie yakaliozesha. Likiwa hivyo, joto hutoka kwa juu, upepo huingia kwa kando, na mvua huja kwa sauti ya chini, si kwa ngoma ya mabati. Hudumu miaka michache, kisha huezekwa upya, na hiyo nayo ni saa ya mnazi. Mgeni aliyetazama dari lake akaona makuti mapya, ya rangi ya majani makavu bila weusi wa moshi wala ukungu, ajue mwenye nyumba bado ana mazungumzo na mashamba ya ng'ambo.

Na alfajiri, baada ya adhana, akisikia kutoka chini mkwaruzo wa mbuzi ukunao nazi, asiondoke bado kwenda kuoga baharini. Mahamri yamo karaini, na mbaazi zangoja kasimile.