Aliyeacha sindano asiikimbilie kalenda: Njia za asili za uzazi wa mpango zataka subira

KWA mwanamke anayeishi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, tarehe ya sindano iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ni mkataba wa miezi mitatu. Siku ikiwadia huacha jembe na kuifuata zahanati. Akishachomwa hurejea nyumbani bila hofu ya kushika mimba hadi tarehe nyingine.

Mkataba huo hukatika kwa sababu nyingi. Wapo wanaochoshwa na damu inayotoka bila mpangilio, maumivu ya kichwa au kuongezeka uzito. Wapo ambao waume zao hawaridhii. Wapo pia wanaofuata mafundisho ya Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi katika eneo hili la Jimbo la Mbulu. Waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, Humanae Vitae, ulikataa dawa na vifaa vya kuzuia mimba, lakini ukawaruhusu wanandoa kutumia siku ambazo mwanamke hawezi kushika mimba.

Wengine hawaamui lolote. Mvua hufunga njia, au hutokea janga kama maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na maeneo ya jirani, na tarehe ya kwenye kadi ikapita bila mtu kuikumbuka.

Kwa vyovyote vile, hatua iliyo karibu kwa mwanamke aliyeacha sindano ni kuanza kuhesabu siku. Hapo ndipo wengi wanapoweza kunaswa, kwa kuwa mwili uliotoka kwenye sindano bado hauna siku za kuhesabiwa.

Suala hili si la Hanang pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya wanawake walioolewa nchini walikuwa wakitumia njia fulani ya uzazi wa mpango. Asilimia 31 walitumia njia za kisasa na waliobaki walitegemea njia za jadi, ikiwamo kuhesabu siku.

Msingi wa hesabu hiyo ulijulikana katika miaka ya 1920, pale madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walipobaini kuwa yai la mwanamke hupevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Yai huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi, lakini mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo siku za hatari huanza kabla yai halijatoka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wiki hizo mbili huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo, si kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Asiyeweza kukadiria hedhi yake ijayo itakuja lini hawezi kujua yai litatoka lini.

Sindano ya miezi mitatu hufanya kazi kwa kuzuia yai kupevuka. Ndiyo maana wanawake wengi wanaoitumia hukosa hedhi kabisa, au huona matone yasiyo na utaratibu. Matone hayo si hedhi ya kawaida, na kuyafanya kuwa siku ya kwanza ya hesabu ni kosa.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kwa kuwa hedhi haijarudi, mimba haiwezi kuingia. Yai la kwanza baada ya sindano hutangulia hedhi ya kwanza. Mwanamke aweza kushika mimba bila kuona hedhi hata mara moja tangu aache sindano, na akaendelea kudhani kuwa ni dawa ambayo bado haijaisha mwilini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa walioacha sindano hiyo huchukua, kwa wastani, miezi minne zaidi kushika mimba kuliko walioacha njia nyingine, yaani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Huo ni wastani tu. Wapo wanaopata mimba mapema zaidi, na hakuna anayepaswa kuufanya kinga. Vilevile, kuchelewa huko si dalili ya utasa. Kwa waliotumia vidonge, vipandikizi au kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka zaidi.

Miongoni mwa njia za asili, iliyo rahisi kufundishwa ni ile ya shanga, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani. Mkufu una shanga 32, na kila shanga ni siku moja. Nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, na shanga nyeupe, zinazowakilisha siku ya 8 hadi ya 19, ni siku za kujizuia au kutumia kondomu.

Njia hiyo humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32. Ikifuatwa barabara, wanawake watano kati ya 100 hupata mimba katika mwaka mmoja. Katika matumizi ya kawaida yenye makosa hufikia 12. Kwa aliyeacha sindano, WHO huelekeza asubiri hadi tarehe ya sindano ambayo angechomwa ipite, kisha aanze na hedhi itakayofuata. Mizunguko ikitoka nje ya siku hizo zaidi ya mara moja katika mwaka, atafute njia nyingine.

Njia ya pili ni kuchunguza ute wa ukeni, iliyoenezwa na madaktari John na Evelyn Billings wa Australia. Yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwepesi, wenye kuteleza na kuvutika. Dawa za homoni hubadili ute huo, na maambukizi ya ukeni huuvuruga, hivyo alama zake huaminika pale tu mwili unaporejea hali yake.

Ya tatu ni kupima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Joto hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5, baada ya yai kutoka. Homa, ikiwamo ya malaria, huipotosha hesabu hiyo. Wataalamu hushauri kuunganisha joto na ute, kwa kuwa alama mbili huaminika kuliko moja.

Mama mwenye mtoto mchanga ana njia nyingine. Akimnyonyesha maziwa yake pekee, usiku na mchana, hedhi ikiwa haijarudi na mtoto hajatimiza miezi sita, kinga yake huzidi asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga nayo hupungua.

Kwa njia zote hizo, kumbukumbu ndiyo nguzo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kauli hiyo yafaa hapa pia. Tarehe ya sindano ya mwisho, siku ya kwanza ya kila hedhi na idadi ya siku za kila mzunguko ziandikwe, na mume azifahamu, kwa kuwa kujizuia kwa zaidi ya wiki nzima kila mwezi si uamuzi wa mtu mmoja.

Katika miezi ya kusubiri, kondomu hubaki kinga ya kutegemewa. Nayo huwakinga pia na Virusi vya Ukimwi, jambo ambalo hakuna njia ya asili inayoliweza. Na kwa yule aliyepitwa na tarehe bila kukusudia, WHO huruhusu sindano ya miezi mitatu kutolewa hata kama amechelewa kwa wiki nne, hivyo asikate tamaa kurudi kwenye zahanati yake au Hospitali ya Wilaya ya Hanang, Tumaini, iliyopo Katesh.

Wataalamu wa afya hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zinazofuatana kwa karibu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Kwa familia ambayo mtoto wake bado yuko mgongoni, makosa ya hesabu ya miezi michache baada ya kuacha sindano yatosha kuufuta muda wote huo.