Bidoni Safi, Kikombe Kichafu

Kuna kipimo kidogo cha klorini ambacho mtu yeyote anaweza kujifunza kwa dakika tano. Unajaza maji kwenye kikebe cha plastiki chenye mistari, unatia kidonge cha DPD, unafunika na kutikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini imo, yasipobadilika, haimo. Katika mitaa ya pembezoni ya Lubumbashi, kule komuni ya Annexe na vijiji vinavyofuata barabara ya Kasenga, kipimo hiki huwashangaza wenye nyumba. Maji yaliyotiwa dawa asubuhi yanatoa waridi vizuri. Jioni, maji yaleyale ndani ya ndoo ya jikoni yanabaki meupe. Hakuna aliyeyachafua kwa makusudi. Ndoo ilikuwa wazi, watoto walichota, kikombe kililazwa chini kikarudishwa ndani, na kila aliyekishika ukingoni alizamisha vidole pamoja nacho. Klorini imekwisha kwa kupambana na huo uchafu mdogomdogo, na uchafu utakaoingia baadaye hautakuta mlinzi.

Watu huuliza sana kuhusu njia ya kutibu maji: tuchemshe, tutie javeli, au tununue vidonge? Mimi ningeanza na chombo. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji ya Nyamithuthu, Malawi, watafiti waliwapa baadhi ya familia ndoo zenye mfuniko usiotoka na mdomo wa kumiminia, hivyo mkono haukuweza kuingia. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya familia hizo vilipungua kwa karibu asilimia 70 ikilinganishwa na majirani waliotumia ndoo za kawaida, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa karibu theluthi. Chanzo cha maji kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni ndoo.

Kwa hiyo bidoni yetu ya lita 20, ya njano, yenye mdomo mwembamba, si chombo kibaya hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba mkono hauingii hata kuisafisha, na ndani hujenga utelezi wa kijani. Tia changarawe na maji yenye javeli, tikisa mpaka mikono ichoke, suuza. Bidoni iliyobeba dawa za kiwandani au mafuta ya gari iache kabisa, hata kama sokoni inauzwa bei poa. Plastiki hunywa kilichowekwa ndani yake na kukirudisha polepole. Nyumbani, ndoo yenye mfuniko na kibomba kidogo chini ni bora zaidi, na fundi yeyote anaweza kuitoboa na kuifungia bomba.

Kuchemsha kunaua kila kijidudu kinacholeta maradhi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Wanaohofia jambo hilo wasihofu, vijidudu hivyo hufa kabla ya hapo. Shida ni makaa. Msitu wa miombo umerudi nyuma mbali na mji, gunia linapanda bei, na mama mwenye makaa ya kupikia bukari mara moja kwa siku hatayamalizia kwenye maji. Tena maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana kinga yoyote. Yakimiminwa kwenye ndoo chafu, kazi yote imepotea.

Klorini ina faida hiyo moja kubwa: sehemu yake hubaki ndani ya maji na kuendelea kulinda. Javeli ya dukani inatosha, mradi isiwe na manukato wala sabuni. Soma nguvu yake kwenye chupa. Javeli ya digrii 12 ina gramu 38 hivi za klorini kwa lita, kwa hiyo mililita 1 kwenye bidoni ya lita 20 inaleta karibu miligramu 2 kwa lita, kipimo kizuri kwa maji maangavu. Ya digrii 8 inahitaji mililita 1.5. Usipime kwa kifuniko cha chupa, maana vifuniko havilingani. Nunua sirinji ndogo kwenye duka la dawa, bila sindano. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Baada ya muda huo ikibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, mambo ni sawa. Chupa iliyokaa juani dirishani imepoteza nguvu, hata ikiwa bado inanuka. Na klorini haiui kila kitu: kriptosporidiamu, kijidudu kinachoharisha watoto, huistahimili. Lakini bakteria wa kipindupindu, adui anayejulikana sana Katanga, hafui dafu mbele yake.

Maji yenye tope ni habari nyingine, kwa sababu tope lenyewe hula klorini. Yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu, yachuje, kisha ongeza dozi mara mbili. Kwa kuchuja, kikwembe cha pamba kilichochakaa kinafaa kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zake zimelainika na matundu yamebanana. Huko Bangladesh, mtafiti Rita Colwell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwani bakteria wake hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini na hao hunaswa na kitambaa. Kwa wavuvi wa Luapula wanaochota mtoni, hiyo ni hatua ya kwanza, klorini inafuata.

Lakini kuna maji ambayo javeli, moto na kitambaa haviwezi kuyatibu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Vumbi na chakula vina sehemu yao katika hilo, lakini maji ya mito kama Naviundu yamepimwa pia na kukutwa na metali. Ukichemsha maji hayo, mvuke unaondoka, metali inabaki na kuzidi kukolea. Hapo dawa ni moja tu, kubadilisha chanzo.

Chanzo kingine mara nyingi hakiko mbali: sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 ilimaliza ukiritimba wa REGIDESO, shirika la maji la serikali, na siku hizi foraji ya mtu binafsi yenye tangi juu ya mnara ni kitu cha kawaida mtaani. Mwenye nayo aombwe karatasi ya maabara inayotaja metali pamoja na bakteria. Aulizwe kina cha kisima na umbali wake na vyoo vya parseli za jirani, kwa sababu sehemu za Lubumbashi na Kipushi zimekalia mwamba wa chokaa wenye mipasuko, na uchafu hupita humo haraka. Tarehe ya kipimo nayo isomwe vizuri: majibu ya Agosti, ardhi ikiwa kavu, hayasemi lolote kuhusu maji ya Januari, mvua zikiwa zimeshajaza vyoo.