Printa ya Madrasa: Tuipime kwa Nukta

Tunaponunua printa kwa sadaka za waumini, bei ya dukani isiwe kipimo pekee. Madrasa zetu hapa Ngokolo zahitaji karatasi ambazo mtoto atazisoma bila kubahatisha: nukta ya jimu ikipotea, husomwa ha.

Mtihani huu ni wa zamani. Katika miaka ya 1980, printa ya gurudumu la herufi ilitoa maandishi safi kama ya taipureta, lakini gurudumu la Kilatini halikuweza kuandika Kiarabu. Printa ya sindano iliweza kuchora herufi yoyote, ila yenye sindano 9 ilitoa maandishi hafifu kuliko yenye 24.

Leo printa ya wino wa maji mara nyingi ni nafuu kuinunua, lakini wino hukauka isipotumika. Ya wino wa unga huwa ghali mwanzoni, ila unga haukauki.

Kabla ya kulipa, tumwombe muuzaji achapishe ukurasa wenye nukta na irabu. Kisha tugawanye bei ya wino kwa idadi ya kurasa utakazotoa. Mali ya msikiti ni amana, na elimu ya watoto ni amana kubwa zaidi.